Viwanja vya Wazi vya Nairobi: Tuliyoyaona kwa Siku Nne

Mwezi wa Ramadhani ulipokuwa ukingoni, jamaa yetu akaaye Nairobi alitutaka twende tukale Idi pamoja naye. Tukaitika, tukafunga mizigo na watoto, tukapanda gari la moshi. Si nia yetu, ndugu wasomaji, kuisimulia safari yenyewe. Kwani tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, njia ya Mombasa na Nairobi imekuwa ya saa chache tu, na asiyepata kuipita amekwisha simuliwa na jirani yake. Tunalotaka kulieleza ni jambo moja tulilolikuta huko, ambalo hatukulitafuta, nalo ni habari ya viwanja vya wazi vya mji ule: vilivyo vya nani, vinavyopotea namna gani, na nani avizuiaye visipotee.

Asubuhi ya Idi mwenyeji wetu alituchukua mpaka uwanja wa Sir Ali Muslim Club, upande wa Ngara. Watu walikuwa wengi mno. Safu zilianza ukutani zikaishia ukutani, na waliochelewa wakatandika misala nje. Twajua sote kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitoka kwenda uwanjani kusali Idi, na kwamba wanawake na wasichana, hata wale wasioweza kusali kwa udhuru wao, waliamrishwa watoke wakaishuhudie kheri hiyo. Lakini sisi watu wa pwani tumezoea kuuona uwanja wa Idi kama tuionavyo bahari: kitu kilichopo tu, kisicho mwanzo wala mwenyewe. Tulipokwisha kupeana mikono, mmoja wetu akasema kuwa Nairobi wamejaliwa, wana uwanja mzuri. Mwenyeji wetu akacheka kidogo, akajibu:

"Mshukuruni Mungu uwanja huu una mwenyewe ajulikanaye. Wetu wa mtaani hauna, na ndio maana unaliwa."

Mtaa wake uko mashariki ya mji, ng'ambo ya Kamukunji na makelele ya mafundi wake wa jua kali. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa shauri lake halijakwisha. Ni mtaa wa nyumba za ghorofa nne na tano zilizobanana hata nguo zianikwazo dirisha moja hugusa dirisha la pili. Watoto wetu, waliozoea ua wa nyumba, walikaa ndani saa moja tu wakaanza kupigana. Tukauliza watoto wa huku huchezea wapi. Mama mwenye nyumba akatuonyesha njia chini: mpira wa matambara, mawe mawili kuwa goli, na kila inapokuja pikipiki mtoto mmoja hupiga ukelele, wote wakaruka pembeni, ikishapita wakarudi. Tuliwahesabia, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai walikimbia mara kumi na moja.

"Na uwanja?" tukauliza.

"Uwanja upo, lakini twendeni mkauone wenyewe," akasema mwenyeji wetu.

Ulikuwa nyuma ya shule, mwekundu kwa vumbi, mkubwa kiasi cha kucheza mpira timu mbili na nafasi ikabaki ya wazee kukaa chini ya mti mmoja wa mkuyu. Pembeni mama mmoja alikuwa akiuza maandazi. Lakini upande wa kaskazini ulikuwa umezungushiwa mabati mapya, nayo yameingia ndani ya mstari wa goli, hata kipa wa upande ule alikuwa amesimama na mgongo wake ukigusa bati. Mtoto wa mwenyeji wetu, kijana wa miaka kumi na moja, alitueleza kwa utulivu kabisa: "Ami, zamani goli lilikuwa kule ndani. Tulilihamisha mwezi wa Rajabu. Wakija tena tutalihamisha tena." Hatukupata la kumjibu.

Mabati yale yaliwekwa usiku. Asubuhi palikuwa na kibao kidogo kisemacho kuwa mwenye kiwanja ameomba ruhusa ya kubadili matumizi ya ardhi ajenge nyumba za kupangisha, na mwenye kupinga aandike. Wakazi walikuwa hawakupata kusikia kuwa kiwanja kina mwenyewe. Walikuwa wakijua kuwa ni chao wote, na kwa muda wa miaka thelathini walidhani kujua kunatosha.

Siku ya pili, labda ili kututoa huzuni, mwenyeji wetu alitupeleka kati ya mji. Tulisali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, ambao ulianza kujengwa mwaka 1925 na hata leo makuba yake yanapendeza kuliko majengo marefu yaliyouzunguka. Kisha tukapita mbele ya Soko la Mji, tukafuata njia ya Muindi Mbingu, na baada ya hatua chache tukaingia Bustani ya Jeevanjee.

Si bustani ya kumshangaza mtu. Nyasi zake zimekanyagwa zikachoka, na viti havitoshi. Lakini miti yake ni mikubwa na vivuli vyake ni vya bure. Karani alikuwa amelala chali na gazeti usoni. Wanafunzi wawili walikuwa wakila mkate kwa soda. Mhubiri wa Kikristo alikuwa akipaza sauti kwa watu watatu na mbwa. Na chini ya mti mwingine kikundi cha wanaume kilikuwa kikibishana habari za serikali kwa adabu na utaratibu, huyu akimpisha huyu, kwani hao hujiita Bunge la Mwananchi na bustani ndiyo ukumbi wao. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Twaomba msomaji alizingatie hilo: katikati ya mji mkubwa, ambamo kila kiti ni cha mwenye duka, mtu asiye na senti aweza kukaa hapo na mkewe na wanawe mpaka miguu ipoe.

Bustani hiyo, yenye ekari 5 hivi, ilitolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa Kibohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1890, akatajirika kwa kandarasi, hasa za reli ya Uganda; ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa; na ndiye wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni ile. Hatusemi kuwa alikuwa walii. Alikuwa mfanyi biashara, na katika bustani hiyo alisimamisha sanamu ya Malkia Victoria, ambayo mtoto wa mfalme wa Kiingereza, Duke wa Connaught, alikuja kuifunua. Sisi hatukuipenda habari ya sanamu, na yaonekana kuna wengine wasioipenda, kwani mwaka 2015 ilivunjwa kichwa. Jeevanjee mwenyewe alikufa mwaka 1936, na mali yake nyingi ilikuwa imekwisha kumtoka. Majumba na mashamba aliyojiwekea yamekwenda kwa wengine. Ekari 5 alizotoa ndizo zilizobaki na jina lake.

Nazo hazikubaki kwa bahati. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kuichimbua bustani na kujenga jengo la kuegeshea magari, ghorofa juu ya ghorofa. Mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, akasimama pamoja na wengine akapinga, akaeleza ardhi ile ilitolewa na nani na kwa ajili ya nani, mpaka mpango ukaachwa. Baadaye aliandika kitabu kizima cha maisha ya babu yake. Mwenyeji wetu alisikiliza habari hii mpaka mwisho, akasema, "Basi yeye alikuwa na babu wa kumtaja. Sisi uwanja wetu tutasema ulitolewa na nani?" Tuliona kuwa swali hilo ni zito kuliko lilivyotamkwa.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka kando ya Uhuru Park, bustani ya hekta 12.9 iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Wengi wa wasomaji wetu waijua habari yake, lakini vijana huenda hawaijui. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa humo jumba la ghorofa 60, liwe makao ya gazeti la chama kilichokuwa kikitawala, pamoja na sanamu kubwa ya rais wa wakati ule. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa wale wa nje waliotakiwa watoe fedha. Alitukanwa Bungeni, na chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa katika ofisi yake. Lakini wakopeshaji waliposikia kuwa wananchi wenyewe hawataki, wakarudi nyuma; na mwaka 1992 mpango ukafa. Katika bustani hiyo hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, ndipo Kenya ilipotangaza Katiba yake mpya mbele ya maelfu ya watu. Lau lile jumba lingalijengwa, wangalikusanyika wapi?

Siku ya tatu tulifuatana na mwenyeji wetu mpaka ofisi moja ya mipango ya mji. Hatukwenda kwa kuwa tuna ujuzi, bali kwa kuwa alitaka kuwa na mashahidi. Tulimkuta afisa kijana, binti mwenye adabu, ambaye baada ya kututafutia viti alifungua ramani kubwa mezani. Uwanja ulikuwapo. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na juu yake pameandikwa kuwa ni wa michezo. Mwenyeji wetu akapiga meza kwa furaha.

"Mzee," akasema yule binti polepole, "usifurahi bado. Kijani hiki ni rangi."

Akatueleza, nasi twaeleza kama tulivyofahamu. Mtaa ule hapo kwanza ulikuwa shamba moja, likanunuliwa na kampuni ya watu waliochangiana, nayo ikalikata viwanja. Mwenye kukata shamba kuwa mji hatakiwi kuuza lote. Hupaswa kuacha sehemu kwa njia, kwa shule na kwa mahali pa wazi, na sehemu hizo aziachilie kwa umma. Kampuni iliziacha katika ramani, na kwa ramani hiyo ikapata ruhusa ya kuuza zilizobaki. Lakini ile hatua ya mwisho, ya kuupima uwanja na kuuandikisha kuwa mali ya umma, haikufanywa. Ukabaki umefichika ndani ya hati ya shamba zima, na hati ikabaki kabatini mwa kampuni. Miaka ikapita, wazee walioahidi wakafa, na aliyerithi kabati akaona kuwa ana kiwanja.

Tulimwuliza kama hayo ni nadra. Akatabasamu tu. Nasi baadaye tulikumbuka kuwa mwaka 2003 iliundwa tume, ikiongozwa na Bwana Paul Ndung'u, kuchunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, na ripoti yake ya mwaka 2004 ilijaa misitu, viwanja vya michezo, ardhi za shule na kando za barabara. Haikuwa kazi ya wezi wa usiku. Ilifanywa kwa barua zenye nembo na mihuri. Katiba ya 2010 imeeleza waziwazi ardhi ya umma ni ipi, na ikaweka Tume ya Taifa ya Ardhi iisimamie kwa niaba ya wananchi. Na sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kutaka kujenga atangaze, na inampa jirani haki ya kupinga. Ndiyo maana kile kibao kiliwekwa. Mwenye mabati hakukiweka kwa hisani.

Wala si kweli kwamba Nairobi haikupata kuchorwa vizuri. Ulianza kuwa kambi ya reli mwaka 1899, na Waingereza waliugawa kwa rangi za watu, wenye nafasi wakapata miti na wasio nafasi wakapata vumbi. Lakini hata wao, katika Mpango Mkuu wa mwaka 1948, walichora mitaa yenye viwanja katikati. Na atakayekwenda Kaloleni leo ataona nyumba ndogo zimezunguka nyasi. Mipango mingine imefuata, na wa mwaka 2014 ni mnene kama kamusi. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo Gigiri, Nairobi hiyo hiyo, hushauri kuwa mbali na asilimia 30 hadi 35 ya ardhi ya mji iendayo katika njia, asilimia 15 hadi 20 iwe mahali pa wazi pa umma. Yule binti aliyajua hayo yote kwa moyo. Alichokuwa hana ni gari la kwenda kuvipima viwanja.

"Binti yangu," mwenyeji wetu akamwuliza, "sasa tufanye nini?"

"Pingeni kwa maandishi kabla siku hazijakwisha, mzee. Andikeni mwautumiaje, tangu lini, na nani na nani. Pigeni picha. Kisha ombeni upimwe uandikishwe kwa jina la kaunti, amana kwa wakazi. Msije kuniambia kuwa kila mtu anajua. Niletee karatasi."

Alasiri ile, kwa kuwa watoto walikuwa wamechoka na maneno ya wakubwa, tuliwapeleka msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 kaskazini ya mji. Nao una historia ya damu: miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa watu binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenziwe walipokwenda kupanda miti langoni walipigwa na watu waliokodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Leo umezungushiwa ua, una njia za miguu na za baiskeli, una mto na maporomoko madogo ya maji, na watoto wetu walikimbia humo mpaka sauti zikawakauka. Msitu huu tuliusifu, na bado twausifu. Lakini una kiingilio. Na tulipojumlisha kiingilio na nauli ya watu tisa kutoka mashariki ya mji, mwenyeji wetu alitikisa kichwa akasema kuwa ni mahali pa kuja mara moja kwa mwaka.

Usiku tulizungumza juu ya hilo, na mmoja wetu akakumbusha habari iliyopokewa katika Bukhari, ya Sayyidna Umar (R.A.) na mlinzi wa malisho yaliyokuwa yamehifadhiwa, yale yaitwayo hima. Alimwagiza mlinzi awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe na hadhari na mifugo ya matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan. Kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini akipotewa atakuja na wanawe mlangoni. Mwenyeji wetu aliinyamazia habari hiyo kwa muda, halafu akaomba kalamu.

Waliandika mpaka saa sita za usiku, yeye na jirani zake wawili, mmoja wao akiwa mzee wa kanisa. Waliandika kuwa uwanja husaliwa Idi mvua isiponyesha. Kuwa shule huutumia kwa michezo. Kuwa mikutano ya hadhara ya mtaa, harusi mbili tatu kila mwezi na hema za matanga hufanywa hapo. Kuwa mwaka nyumba moja iliposhika moto ndipo watu walipokimbilia na vitanda vyao. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema wamewasahau wanawake. "Andikeni kuwa jioni twakaa pale na watoto wadogo kwa sababu nyumbani hakuna hewa." Wakaandika. Yule kijana wa miaka kumi na moja akataka iandikwe kuwa goli limehamishwa, nalo likaandikwa, pamoja na hatua alizozipima mwenyewe kwa miguu: hatua kumi na nne.

Siku ya nne asubuhi walikwenda watu saba na karatasi zao, wanne wanaume na watatu wanawake, nasi tukaenda stesheni. Tulikuwa tumepita Voi simu ilipolia. Pingamizi limepokewa na kupigwa muhuri, na mabati hayajaongezwa wala hayajaondolewa. Wametoa nakala tatu zenye muhuri. Moja imewekwa msikitini na moja kanisani. Ya tatu amekabidhiwa mama muuza maandazi, kwa kuwa, alisema mwenyeji wetu, yeye ndiye ashindaye uwanjani kutwa, na akija mtu na nguzo atakuwa wa kwanza kumwona.